Filamu ya Mia Nne Ndani ya Mkebe wa Mia

Mume wangu watu humwita Mia. Si jina la ukoo wala la cheti. Wateja ndio waliompa, kwa sababu kwa miaka thelathini na mmoja amepiga picha za nyeusi na nyeupe kwa filamu ya spidi mia moja, hiyo hiyo, na mtu akimshauri nyingine anamsikiliza kwa adabu halafu anafanya lake. Mimi sina jina la utani. Mimi ndiye ninayesafisha filamu zake katika chumba cha nyuma, gizani, na wengi waliopigwa picha pale studio hawajui kwamba nyuma ya ule mlango mweusi kuna mtu.

Afadhali niseme mapema: mimi ni mtu wa kushuku. Mama yangu alikuwa akisema nilianza nikiwa mchanga, nikiitazama chupa ya maziwa kwa jicho la pembeni. Muuza nyanya akiniongezea moja ya bure, naigeuza kwanza nione imeoza upande gani. Watu wanasema ni tabia mbaya. Mimi nawaambia wakae gizani miaka thelathini na mmoja wakingoja sura itokee kwenye maji, ndipo waje tuzungumze habari za kuamini.

Filamu zina spidi, kama hujui. Ya mia inapokea mwanga taratibu. Inataka dirisha kubwa na mkono uliotulia, na ukiipa hivyo viwili inakupa uso laini ambao unaweza kuzihesabu kope zake. Ya mia nne ina haraka. Ni ya siku za mawingu, ya mpira, ya watoto wasiojua kukaa kitako. Juu yake kuna ya elfu tatu na mia mbili, ya kumbi zenye giza, ile inaona mahali ambapo wewe mwenyewe unapapasa ukuta. Lakini hakuna cha bure: kila unapopanda spidi, punje zinakua, na mwisho bibi harusi anatoka kama aliyemwagiwa mchanga usoni. Mia alikuwa na jibu moja kwa wote waliomletea ushauri. "Mia nne ni ya mtu mwenye haraka," anawaambia. "Mimi naenda wapi?"

Stendi ya kamera tulikuwa nayo, lakini hakuigusa. Alikuwa anaishika kamera mkononi, anashusha pumzi, anabonyeza, na picha inatoka imetulia tuli. Wapo waliokuja kumtazama tu akifanya hivyo. Ile stendi niliichukua mimi, nikawa naianikia vitambaa vya kufutia mikono.

Filamu tunanunua kwa mkebe mkubwa, mita thelathini. Yeye anaikata vipande ndani ya mfuko mweusi wenye mikono miwili, anavizungushia kwenye vikopo vidogo, na kila kikopo anakibandika utepe mweupe na kuandika spidi kwa penseli. Mimi nasoma ule utepe, najua niiache filamu kwenye dawa dakika ngapi. Hatukuwahi kuhitaji kuambiana zaidi ya hapo. Yeye hajui mambo ya dawa, mimi sijui mambo ya dirisha, na ndoa yetu ilikaa vizuri hivyo.

Basi, baada ya mvua za mwaka jana, negativu zikaanza kutoka nyepesi. Nyepesi kama chai ya mgeni asiyependwa. Nikaishuku dawa, nikaimwaga, nikachanganya mpya. Hali ile ile. Nikakishuku kipimajoto, nikakitia majini pamoja na kile cha kupimia homa, vikasema kitu kimoja. Nikayashuku maji ya bomba. Halafu siku moja nikakuza picha ya mwalimu mstaafu, nikaona shavu lake lote lina chembechembe. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Chembechembe zikabaki pale pale. Uso wa mia hauna chembechembe, na mwalimu yule ninamjua, ana shavu zuri.

Nikaenda kwa muuza filamu, nikiwa nimeshaamua kwamba ndiye mwizi.

"Unatuuzia mizigo iliyooza," nikamwambia, hata salamu sijamaliza.

Muuza filamu ni mtu mpole mwenye kitambi. Akaweka kalamu chini. "Shemeji, mizigo ipi?"

"Mia. Mkebe wa mia."

"Mkebe wa mia mara ya mwisho mmechukua kabla ya mvua," akasema. "Mzee siku hizi ni mia nne kwa mia nne. Juzi kachukua na ya elfu tatu na mia mbili. Nikamuuliza, Mia, umeanza kupiga picha popo? Akacheka tu, akaondoka."

Nilirudi studio miguu ikinitangulia. Mkebe ulikuwa juu ya rafu mahali pake, umeandikwa mia kwa herufi kubwa. Nikaichukua negativu ya yule mwalimu, nikaiweka juu ya meza ya taa, nikasoma pembeni. Kila filamu, hata ukiikata vipande, kiwandani huwa wameiandika pembezoni jina na spidi yake, maandishi madogo yanayojitokeza ikishasafishwa. Miaka yote ile sikuwahi kuyasoma. Nani husoma kitu anachokijua? Pembeni pale paliandikwa mia nne. Mume wangu alikuwa ametoa filamu ya mia nne kwenye mkebe wake akaitia kwenye mkebe wa mia, na akabandika utepe wa mia, na mimi nikawa naisafisha kwa dakika za mia, ambazo haziitoshi. Angejua kidogo tu kazi yangu, angejua kwamba dawa itamsengenya. Njia ya mwongo ni fupi.

Nikakaa kitako kwenye ndoo niliyoipindua, nikafikiri. Filamu ya haraka ni ya mahali penye giza. Studio yetu ina dirisha la ukuta mzima. Sasa mtu mwenye dirisha la ukuta mzima anatafuta nini cha kuonea gizani? Na giza lenyewe liko wapi, na ndani yake kakaa nani?

Ukishauliza swali kama hilo, majibu yanakuja yenyewe, tena mengine hukuyaita. Nikakumbuka kwamba Mia aliacha kuvaa mashati yake ya vifungo. Siku hizi ni fulana za kuvalia kichwani, za rangi, kama kijana wa chuo. Nikakumbuka kwamba hanyoi tena ndevu mwenyewe. Anakwenda kwa kinyozi siku moja ndiyo moja siyo, anarudi ananukia. Chai hanywi tena nami mezani. Anangoja niondoke ndipo anywe, na kikombe anataka nusu. Kila saa tisa alasiri anachukua kamera na ule mfuko mweusi, anasema anakwenda kunyoosha miguu. Na jambo la mwisho, lile lililonifanya nisimame kwenye ndoo: ule mwandiko kwenye utepe. Nilikusanya vikopo vya miezi mitatu nikavipanga. Mia huandika moja yake imesimama kavu kama msumari. Hii ilikuwa na kidole kichwani na kiguu chini, na sifuri zake zilikuwa za mviringo mzuri, za mtu mwenye nafasi. Ilikuwa mia ya mwanamke.

Nasema waziwazi, maana nimeshafika umri wa kutojisitiri kwa maneno: hasira ilikuwa juu juu tu, na chini yake nilikuwa naogopa. Watoto wetu wana miji yao. Mimi kazi ninayoijua duniani ni kusafisha filamu za mtu mmoja. Akienda, nitakaa katika kile chumba nikisafisha nini?

Nikamwendea wifi yangu. Ni dada yake mdogo Mia, fundi cherehani, duka lake ni la tatu kutoka studio. Mimi naye tumetaniana tangu siku niliyoolewa. Husema nilimpata kaka yake kwa kuwa tulikutana gizani, mchana asingethubutu. Siku hiyo nilimkuta anapindisha pindo la sketi.

"Wifi, kaka yako ana mtu."

Cherehani ikasimama. Halafu ikaendelea, haraka zaidi. "Ana mtu? Yule? Atampeleka wapi, na magoti yale?"

"Sitanii."

"Na mimi sitanii. Achana na mambo ya kushuku, wifi. Utazeeka kabla ya siku zako." Alisema hayo macho yakiwa kwenye sindano. Wifi yangu ananitazama usoni hata anaponitukana. Nikajua anajua, na nikajua yuko upande gani. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema moyoni, nikaaga kwa adabu zote.

Siku ya tatu, Mia akiwa kwa kinyozi, nikaupekua mkoba wa kamera. Sijisifu, lakini sijutii vilevile. Katika kimfuko cha pembeni nikakuta kikopo kimoja ambacho hakikuwahi kunifikia, na kwenye utepe, kwa mwandiko ule ule wa sifuri nzuri, 3200. Nikaingia chumba cha giza, nikafunga komeo, nikaizungusha filamu kwa kupapasa kwenye reli, kile kigurudumu chake cha kusafishia, nikaitia dawa. Nilihesabu dakika zake nikiwa nimesimama. Nilikuwa nimeshamchora yule mwanamke kichwani: kijana, hapana, si kijana sana, mjane pengine, ana sauti laini, amekaa kitandani kwake mapazia yamefungwa, anamwambia mume wangu asimpige upande huu.

Nikawasha taa, nikaitoa filamu mbichi, nikainua mbele ya balbu.

Ilikuwa kalenda.

Picha thelathini na sita za kalenda moja ya ukutani. Kalenda kutoka karibu, kalenda kutoka mbali kidogo, na kando ya kila moja kikaratasi chenye namba ambayo sikuwa na subira ya kuisoma. Nilichokiona ni tarehe moja iliyozungushiwa kalamu. Na juu ya kalenda palikuwa na picha ya cherehani. Nilijua inaning'inia wapi: chumba cha nyuma cha wifi yangu, chenye kidirisha kidogo kama kitasa, anapowekea vitambaa.

Hapo nikaelewa kila kitu, na yote niliyoyaelewa yalikuwa makosa. Chumba cha dada yake ndicho mahali pao. Tarehe ile ndiyo ya kuondoka. Wanaihesabu, wanaipiga hata picha, kama watoto wanaongoja kufunga shule! Sikungoja filamu ikauke. Mtu yeyote wa kazi yangu atakwambia hilo ni dhambi; filamu mbichi inadaka kila vumbi linalopita na halitoki tena. Nilitoka nayo barabarani ikining'inia mkononi urefu wangu mzima, saa tisa na robo mchana, na watu wakanipisha.

Dukani wifi alikuwa anampima mteja kiuno. Aliponiona alisimama mbele ya pazia la chumba cha nyuma na futi yake shingoni.

"Wifi, subiri."

"Mwambie huyo mwanamke atoke mwenyewe," nikasema. "Nikiingia mimi, hamtapenda."

"Hakuna mwanamke, wallahi. Wifi, nisikilize..."

Nikampita. Nikalivuta pazia mpaka pete moja ikakatika.

Mia alikuwa peke yake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, viwiko viwili juu ya meza ya kupigia pasi, kamera jichoni, anaitazama kalenda. Aligeuka polepole. Ile fulana ya rangi ilikuwa imelowa jasho mgongoni.

"Tarehe hiyo ni ya nini?" nikamuuliza. "Hiyo mliyoizungushia. Ni ya kuhama?"

"Ni ya sare za shule, wifi!" dada yake akapiga kelele nyuma yangu. "Ni tarehe ya kupeleka sare za watu!"

"Wewe nyamaza, mwandiko wako nimeuona." Maana wakati huo huo nilikuwa nimeuona: kwenye vikaratasi vilivyobandikwa kando ya kalenda, moja zenye kidole kichwani na sifuri za mviringo mzuri. Mwandiko wa wifi yangu, ule ambao huandika vipimo vya viuno vya watu. Nilizidi kuchanganyikiwa na nikazidi kukasirika. Nikamsogezea Mia ile filamu usoni. "Soma mwenyewe. Nisomee, unieleze ni nini hiki."

Akaweka kamera mezani. Akanyoosha mkono wa kulia, akaipokea filamu.

Ncha yake ya chini ikaanza kugonga ukingo wa meza. Tak, tak, tak, tak. Hapakuwa na upepo mle ndani. Akaleta mkono wa kushoto aushike wa kulia, na wa kushoto nao ukatikisika. Akaacha. Akaniangalia, filamu ikaendelea kugonga meza.

Hapo ndipo nilipoisoma ile negativu ipasavyo, mkononi mwake, dhidi ya kile kidirisha. Namba za vikaratasi zilikuwa kasi za shata, kile kilango cha kamera: kinakaa wazi sehemu ya ngapi ya sekunde. Thelathini: herufi za kalenda mbilimbili, zimeburuzwa upande. Sitini: mbilimbili. Mia na ishirini na tano: bado. Mia mbili na hamsini: bado kidogo. Mia tano: zimetulia. Filamu ya haraka inaruhusu shata ifunge haraka, na shata ikifunga haraka, mkono unaotikisika hauonekani. Mia hakuwa anatafuta giza. Alikuwa anajipima anahitaji spidi gani ili asijulikane.

Vifungo vya shati. Wembe. Kikombe cha nusu. Penseli. Vyote vikapita mbele yangu kwa mara ya pili, safari hii vikiwa na uso mwingine, na niliona aibu.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Mvua zile."

"Na mimi ulinificha."

"Ningekwambia nini?" akasema. "Kwamba Mia haiwezi mia? Wewe unaona kila kitu kwenye negativu, mama. Mkono wangu ukicheza nywele moja ungeuona wa kwanza. Nikaona nikuletee filamu isiyosema."

"Filamu inasema pembeni, mzee wangu."

"Nilisahau," akasema. "Hivi unajua nilisahau?"

Nikamuuliza mbona hakutumia stendi, kuliko kuhangaika hivyo. Akaniambia kwa unyonge kabisa kwamba nimeianikia vitambaa, na angeichukua ningemuuliza ya nini. Wifi alicheka kwanza, halafu akaanza kulia, akajipangusa kwa kitambaa cha sare ya mtu. "Nilimwambia," akasema. "Nilimwambia kila siku, mficha maradhi kifo humuumbua. Akaniapisha." Nikamwomba radhi mbele ya mteja wake. Alinisamehe hapo hapo, ila mpaka leo mteja mpya akija humwonyesha ile pete ya pazia.

Tulikwenda hospitali wiki hiyo hiyo. Daktari alimwambia atembee, akamtazama vidole, akatupa jina la ugonjwa na vidonge, na akatueleza kwamba vidonge vitausaidia mkono lakini havitaurudisha ulivyokuwa. Tuliporudi, mlangoni Mia akanipa funguo za studio, kwa sababu tundu lile ni dogo, na hakujifanya anatafuta kitu mfukoni kama alivyokuwa akifanya siku zote. Nilifungua, nikaingia mbele.

Aliyeleta shauri ni yeye. Mimi nishike kamera, yeye akae kando aniambie la kufanya. Gizani nimfungie filamu kwenye reli, halafu kugeuza kopo la dawa juu chini, juu chini, kila nusu dakika, ni kazi yake. Kazi hiyo haidai mkono uliotulia. Nikasema sawa, na kwa kiburi nikasema pia kwamba sitaki stendi na sitaki mia nne. Miaka thelathini na mmoja nimeziona picha zake. Nikatia filamu ya mia.

Mteja wetu wa kwanza alikuwa fundi mwashi aliyetaka kupigwa picha na pima maji yake mkononi, kumbukumbu ya kustaafu. Mia alimkalisha kwenye kiti cha dirishani, akamgeuza bega, akarudi nyuma yangu. "Shusha pumzi," akaninong'oneza. "Ikiisha kabisa, bonyeza." Nilishusha pumzi. Mwashi alikuwa ametulia kuliko ukuta aliojenga.

Tuliisafisha filamu ile pamoja. Nilimsikia gizani akigeuza kopo na kuhesabu kwa sauti, na ilikuwa mara ya kwanza chumba kile kuwa na sauti ya pili. Taa ilipowaka aliniachia mimi niiinue. Dawa ilikuwa sawa. Weusi ulikuwa mweusi, mwanga wa dirisha ulikaa mahali pake. Kisha Mia akasogeza miwani karibu na ile pima maji.

Ndani ya kile kioo kidogo, kiputo kimoja kilionekana viwili.

"Huyu si mimi," akasema. Akaangalia picha ya pili, na ya tatu. "Mama, mwenye mkono huu ni nani?"

Akaanza kucheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mvua zile. Alicheka mpaka akashika ukingo wa sinki, mimi nikiwa nimesimama na filamu yangu iliyotikisika, machozi yananitoka na mimi nacheka. Mwashi, aliyekuwa anangoja nje, akagonga kuuliza kama kuna tatizo.

"Atakaa tena, dakika moja," Mia akamjibu. Halafu akaniambia, "Tia mia nne. Unaogopa, na mtu akiogopa anahitaji haraka kidogo. Mia utaifikia."

Nikakaa kwenye ndoo, mikono ndani ya mfuko mweusi, nikakata kipande cha mia nne, nikakizungushia kikopo. Nikabandika utepe. Nilipochukua penseli nikamtazama, nikamuuliza kama anataka niandike mia, wateja wakiona kikopo mezani wasianze maneno.

"Hapana," akasema. "Andika ilivyo."